Vijidudu vya Tumboni, Unene na Kisukari

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo na kuvitumia, kwa sababu kinyesi hueneza magonjwa. Siku hizi tunasikia kwamba ng'ambo kinyesi kimejaribiwa kuwa dawa ya unene na kisukari. Je, ni kweli? Tuichunguze habari hii.

Vijidudu rafiki

Si vijidudu vyote ni adui. Ndani ya utumbo wetu mna vijidudu vingi sana, na vingi hutusaidia. Pumba za mahindi, maharage na mboga zina nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kusaga. Vijidudu huzila nyuzinyuzi hizo, kisha hutoa vitu vinavyolisha utumbo na kuusaidia mwili kutumia sukari.

Sukari ikiingia katika damu, kongosho hutoa insulini. Insulini ni kama ufunguo. Hufungua mlango ili sukari iingie katika nyama za mwili. Kwa watu wengi wanene ufunguo huu haufungui sawasawa. Sukari hubaki katika damu, na baadaye kisukari huweza kutokea.

Jaribio la Uholanzi

Mwaka 2012 madaktari wa Amsterdam walitoa matokeo ya jaribio la wanaume wanene 18. Baadhi yao walitiwa utumboni, kwa mpira, kinyesi cha watu wembamba kilichopimwa na kutayarishwa. Wengine walirudishiwa chao wenyewe. Baada ya wiki 6, miili ya wale wa kwanza iliitikia insulini vizuri zaidi. Lakini uzito haukupungua. Jaribio jingine la mwaka 2017 lilionyesha kwamba kufikia wiki ya 18 faida ile ilikuwa imekwisha.

Tena iko hatari. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mgonjwa mmoja huko Marekani alikufa, kwa sababu kinyesi alichopewa kilikuwa na vijidudu sugu. Kwa hiyo ndugu msomaji, jambo hili lisijaribiwe nyumbani hata kidogo!

Somo la Kilimanjaro

Mwaka 2025 wataalamu wa Moshi na Uholanzi walitoa matokeo ya utafiti wa wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili walipewa vyakula vya kisasa vya viwandani. Kwa wiki 2 tu, damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani, ule unaoandamana na kisukari na magonjwa ya moyo. Wengine waliozoea vyakula vya kisasa, walipopewa vya asili, walipata nafuu.

Sisi tufanye nini?

Hapa Mlowo mahindi na maharage tunayo. Magari huja kuyabeba kwenda mbali. Basi tusiuze yote, halafu tukanunua soda na maandazi.

1. Tule ugali wa dona, wa mahindi makavu yasiyo na ukungu.
2. Tule maharage na mboga za majani kila siku.
3. Tupunguze sukari, soda na vyakula vya kukaanga.
4. Mwenye kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara aende zahanati akapimwe.
5. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake.

Tuwalishe vijidudu rafiki, nao watatulinda.