Sura ya Sita: Vijaluba vya Fedha na Chapa ya Simba

Katika vitu vyote vya kale ambavyo watu huvikusanya na kuvitunza, chombo cha fedha ndicho kilicho karibu zaidi na kuangamia, kwa kuwa chungu kikivunjika vigae vyake hubaki ardhini, na upanga ukiliwa na kutu umbo lake hutambulikana, lakini fedha ikiyeyushwa na sonara haiachi dalili yoyote ya umbo lake la awali, wala fundi mwenyewe, akiisha kuimimina, hawezi kukuonyesha palipokuwa na ua, jina au tarehe. Kwa hiyo kila kijaluba, kijiko au kikuku cha fedha kilichotufikia kutoka karne zilizopita ni kitu kilichoponea moto, na kazi ya mkusanyaji, hata akiwa mkazi wa Kizuka, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, asiyepata kuona kabati la makumbusho ya London, ni kujua kilichopona ni nini, kilifanywa na nani, wapi na lini, kabla mkono mwingine haujakirudisha motoni.

Kisa cha kuyeyushwa ni kwamba sarafu na chombo vilikuwa mali moja yenye sura mbili. Katika pwani yetu, kutoka Lamu hata Unguja na ng'ambo ya Omani, masonara walifua mapambo yao kutokana na reale za Maria Theresa, sarafu nene yenye uzito wa gramu 28 na nukta chache, ambayo sehemu 833 katika kila 1000 zake ni fedha safi, na ambayo, ingawa malkia mwenyewe alifariki mwaka 1780, iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huo huo juu yake kwa zaidi ya karne moja na nusu, hata kiwanda cha sarafu cha serikali ya Kiingereza huko London nacho kikaanza kuipiga mwaka 1936. Mwanamke mwenye reale zake alizipeleka kwa sonara, zikapimwa mbele ya macho yake, akarudi siku ya ahadi kuchukua vikuku vyenye uzito ule ule. Na siku ya dhiki, au siku mtindo ulipobadilika, vikuku hivyo vilirudi kwenye mizani ile ile. Uingereza nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Watu walikata kingo za sarafu na kuziyeyusha ziwe sahani na vikombe, hata mwaka 1697 Bunge likaamuru kwamba vyombo vifanywe kwa fedha iliyo safi kuliko ya sarafu, yaani sehemu 958 katika 1000 badala ya 925, ili pasiwe na faida katika kuyeyusha fedha ya matumizi. Na sharti hilo lilidumu mpaka 1720, kiwango cha zamani kiliporuhusiwa tena.

Lakini Waingereza walikuwa na jambo moja ambalo mafundi wetu hawakuwa nalo, nalo ndilo lililowavuta wakusanyaji wa dunia nzima kwenye vyombo vyao: chapa. Tangu mwaka 1300, kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza, chombo cha fedha hakikuruhusiwa kutoka mkononi mwa fundi kabla ya kupimwa usafi wake na kupigwa alama ya kichwa cha chui. Mwaka 1478 ikaongezwa herufi inayobadilika kila mwaka, na mwaka 1544 akaongezwa simba atembeaye, mguu wake mmoja wa mbele umeinuliwa, ambaye hata leo ni shahidi wa fedha ya sehemu 925. Anayetaka kuzisoma alama hizi na achukue kioo cha kukuzia, akae penye nuru ya mchana, aanze na simba. Kisha atafute alama ya mji, maana kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji lilikuwa Sheffield kwa miaka mia mbili tangu 1773, ngome ya minara mitatu ni Edinburgh na kinubi chenye taji ni Dublin, na miji hii miwili ya mwisho haikumtumia simba huyo wa Uingereza. Akikuta kichwa cha mfalme au malkia kilichotazama upande, ajue kwamba chombo kilipimwa kati ya 1784 na 1890, muda ambao kichwa hicho kilikuwa stakabadhi ya ushuru uliokwisha kulipwa. Zinabaki herufi za jina la fundi na ile herufi ya mwaka, ambayo haisomeki peke yake, kwa kuwa herufi zilipokwisha mzunguko ulianza upya, na kinachoutofautisha mzunguko mmoja na mwingine ni namna ya mwandiko na umbo la ngao iliyoizingira; lazima basi iwekwe mbele ya jedwali la mji wake, na si la mji mwingine.

Katika mji huo wa nanga ndimo vilimofanyiwa visanduku vidogo ambavyo mimi navipenda kuliko masinia na mabirika yote ya wafalme. Kabla ya 1773 Birmingham haikuwa na ofisi ya kupimia fedha, na Matthew Boulton, mwenye kiwanda mashuhuri cha Soho, alilazimika kupeleka vyombo vyake Chester kwa gari la farasi, navyo vikirudi vimekwaruzwa na kubonyea, hata akashika njia ya kwenda kulishawishi Bunge. Mwaka huo Birmingham na Sheffield zikapewa ofisi zao kwa pamoja. Tangu hapo kazi ndogo ndogo zilistawi kwa namna ya ajabu, na miongoni mwake ni kijaluba cha siki ya manukato. Chukua kimoja cha Nathaniel Mills, chenye herufi N na M, cha miaka ya 1830 au 1840: chote hukaa juu ya vidole viwili, na juu ya kifuniko pamenakishiwa ngome ya Windsor, au jumba la Abbotsford alimoishi mwandishi Walter Scott, kila dirisha mahali pake. Ukikifungua, ndani kote kunang'aa dhahabu, na chini ya kifuniko upo wavu mwembamba, umetobolewa majani na maua kwa msumeno mdogo kabisa, nao una bawaba yake mwenyewe. Chini ya wavu palikaa kipande cha sponji kilicholowa siki yenye manukato, ambacho mwenye nacho alikinusa alipopita penye harufu mbaya za mji. Dhahabu ile haikupakwa kwa fahari tu, bali siki huila fedha, na haiwezi kuila dhahabu. Na wavu ukiuona umekwisha rangi yake na kutoboka pasipo na nakshi, hiyo ni athari ya siki, wala si kosa la fundi.

Vijaluba vya ugoro vya mji huo vilikuwa vikubwa zaidi, na hadhi yake ilikuwa katika kifuniko chenye kufunga barabara, maana ugoro mkavu ukipata hewa hupoteza harufu yake. Hapa ziwani haja hiyo haikuwapo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi Februari 1858, alieleza jinsi watu wa ufuko huu walivyoloweka tumbaku katika kijungu kidogo, wakaikamua, wakayavuta maji yake puani, kisha wakayazuia humo kwa vidole au kwa kibanio. Kwa desturi ya namna hiyo sanduku la fedha halina kazi, na kijungu cha udongo na kibanio ndizo ala zake. Mkusanyaji wa Rumonge anayetamani kijaluba cha ugoro kilichofuliwa kwetu anatafuta kitu ambacho hakikuwa na sababu ya kufanywa.

Kijaluba cha Waswahili ni cha tambuu, na kwao ni pwani, alikokaa nacho bibi wa nyumba pamoja na popoo, chokaa na jani bichi la tambuu. Kwa mtu wa ziwani ninaona kuna matumaini makubwa zaidi katika hirizi, yaani kile kisanduku cha fedha cha pwani na Omani, kirefu kidogo au cha mraba, chenye vipete vya kupitishia mkufu na mlango mdogo wa pembeni wa kuingizia karatasi yenye aya, kwa sababu hirizi huvaliwa shingoni na huenda aendako mwenyewe, na wafanyabiashara wa Ujiji walifika kwa mashua zao mpaka Uvira tangu karne ya 19. Kazi hizi mara nyingi hazina chapa yoyote, kwa hiyo husomwa kwa mkono. Tazama vipete: vikilika upande mmoja, hirizi ilivaliwa miaka mingi. Tazama ncha za nakshi: zikiwa laini kwa kuguswa zina umri, na zikiwa kali ilhali sehemu nyingine zimechakaa, basi nakshi iliongezwa baadaye. Na kwenye kijaluba cha tambuu, tazama katika maungio kama kuna chokaa nyeupe iliyoganda, wala usiikwangue, kwa maana hiyo ni ushahidi wa matumizi yake.

Chapa ya kwanza ambayo mtu wa Kizuka anaweza kukutana nayo, kwa kuwa Burundi ilikuwa chini ya Wajerumani mpaka 1916, huenda isiwe simba bali mwezi mchanga na taji, pamoja na nambari 800. Hiyo ndiyo alama ya fedha ya Ujerumani tangu sheria yake ya 1884 ilipoanza kutumika mwaka 1888, na nambari ile ni sehemu za fedha safi katika 1000. Rupia ya Kijerumani iliyotumika zama hizo ilikuwa bora kuliko fedha hiyo ya 800, gramu 11.66 na sehemu 917, nayo kwa usafi wake ilistahili kufuliwa mapambo; ilhali shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza upande wa Kigoma mwaka 1921 chini ya Waingereza, ilikuwa na robo tu ya fedha, na kitu kilichofuliwa kwa shilingi hizo huonyesha wekundu wa shaba kinapochakaa.

Juu ya hila sitasema mengi, ila mbili lazima zijulikane. Ya kwanza ni herufi EPNS, ambazo wauzaji wengine huzitaja kama chapa ya fedha, kumbe maana yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, ufundi uliopewa hataza mwaka 1840 kwa akina Elkington wa Birmingham. Ya pili ni ya kale zaidi: ulipoanza kutozwa ushuru wa peni 6 kwa wakia, mwaka 1720, baadhi ya mafundi walipeleka kupimwa kitu kidogo, wakalipa ushuru wake mdogo, kisha wakakata kipande chenye chapa na kukiunga kwenye birika zito. Kulifumbua hilo hakuhitaji ala yoyote. Sogeza chapa karibu na mdomo, uipulizie pumzi ya joto, na wakati ukungu wa pumzi unapoondoka, mstari wa lehemu utajidhihirisha pembezoni mwa kipande kilichoungwa.

Ukikipata kitu chako, usikisugue kwa majivu wala mchanga, kwa kuwa kila msuguo huondoa fedha kidogo, na chapa huwa ya kwanza kufutika; maji vuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha, na weusi uliokaa ndani ya mifereji ya nakshi uache, maana bila huo nakshi haionekani. Usikifunge kwa mpira, kwani salfa iliyo ndani yake huisawijisha fedha. Kisha kipime, uandike daftarini uzito wake kwa gramu, chapa zake kwa mpangilio ulivyo, na kama hakina chapa, jina la aliyekuwa nacho, aliyempa, kwa shughuli gani, na mji kilikotoka kabla ya kufika ziwani. Maneno hayo yaandike siku hiyo hiyo, mbele ya anayekueleza, ukimsomea ulichoandika, na nambari ya ukurasa uifunge kwenye kitu kwa uzi wa pamba, usiichonge kamwe juu ya fedha.