Nyota ya Jirani Iliyopimwa Cape Town

Manahodha wetu waliosafiri kwa nyota wangeelewa upesi kwa nini Waingereza waliamua, mwaka 1820, kujenga kituo cha falaki huko Cape Town. Merikebu iendayo Bara Hindi, saa yake ikikosea, haijui iko wapi baharini. Tena zilikuwako nyota za kusini ambazo Ulaya hazionekani kamwe.

Mnajimu wa kwanza, Fearon Fallows, aliwasili 1821. Jengo likaisha 1828. Mwenyewe akafa 1831, akazikwa papo hapo kiwanjani.

Akafuata Thomas Henderson, Mskoti aliyepachukia mahali hapo, asikae hata miaka miwili. Lakini katika muda huo mfupi aliipima Alpha Centauri, jirani ya jua letu, ambayo nuru yake hutufikia baada ya miaka minne na zaidi. Hakuna aliyekwisha kutangaza umbali wa nyota yoyote kwa hesabu ya kuaminika. Henderson alikuwa na vipimo mkononi, akasita kwa kuchelea kosa. Mwaka 1838 Mjerumani Bessel akatangaza umbali wa nyota nyingine. Henderson alipotoa hesabu yake 1839, sifa ilikwisha chukuliwa.

Taa za mji zilipozidi, darubini kubwa zilihamishiwa Sutherland, nyikani, miaka ya 1970. Kituo cha zamani kingalipo. Saa yake ndiyo inayoufyatua mzinga wa Signal Hill saa sita mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu. Chini ya kilima hicho ni Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu, na Waislamu wa mji huo wangali wanautafuta mwezi mwandamo kwa macho yao.