Wewe Mtoto wa Nani, na Unapenda Nini?

Huku Lumemo, Ifakara, mzee akikukuta njiani, ukishampa shikamoo, haulizi jina. Anauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Hilo jepesi. Kazi iko shuleni, mwalimu mpya anapokwambia usimame ujitambulishe, useme na unachopenda. Sasa wewe unapenda kuchora, na ndege, na ngoma, na unataka kujua kwa nini mto Lumemo hujaa ghafla hata siku Ifakara haikunyesha tone. (Mvua imenyesha juu, milima ya Udzungwa.) Utataja lipi?

Wakubwa watakutisha: mshika mbili, moja humponyoka. Methali hiyo naiheshimu, ila mimi simfungi nayo mchoraji. Mtazame mchoraji Sam Ntiro: alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere, akafundisha sanaa huko huko, akaenda London kusoma zaidi katika chuo cha Slade. Alichora watu wa kwao wakiwa kwenye kazi zao. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, akapelekwa Uingereza kuwa balozi. Brashi hakuitupa.

Tena hapa katika bonde la Kilombero kuchora kwenyewe kutakuvuta kwingine, utake usitake. Mchore mnana wa Kilombero, ndege ambaye wataalamu walimtangaza kuwa wa aina mpya mwaka 1990 tu. Anaishi bonde letu hili, kwenye matete. Utalazimika kujua kwamba dume ni wa njano mwenye uso mweusi, na kwamba jike hafanani naye. Au mchore mbu! Ifakara kuna watafiti wakubwa wa malaria. Kituo chao kilianza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi. Ukiwatazama mbu ukutani kwa jicho la mchoraji, utaona anofelesi, anayeeneza malaria, anatua kainua mkia juu, lakini kuleksi, mbu wa aina nyingine, analala sambamba na ukuta. Hapo umeshaingia kwenye somo la baiolojia, na penseli bado iko mkononi.

Basi ukisimama, usiseme "napenda vitu vingi." Nani atakumbuka hilo? Taja jina lako, taja kwenu, kisha sema unachofanya wiki hii: "Nachora mbu wawili waliotua ukutani, na kila mmoja ana mkao wake." Kuna atakayebisha, kuna atakayetaka kuuona mchoro. Habari za ngoma na mto mtaongea wakati wa mapumziko.