Mkoba wa Dawa za Bibi

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia dawa wanazotumia wazee wetu. Wapo wazee tunaoletewa hospitalini wakiwa mahututi, na watu wa nyumbani hawafikirii kabisa kwamba chanzo ni dawa.

Asubuhi moja tulimpokea bibi wa miaka 78 kutoka Mji Mkongwe. Tangu usiku alikuwa akitokwa na jasho, akisema maneno yasiyoeleweka, hata mjukuu wake hamtambui. Jirani mmoja alisema ni shetani, mwingine akasema ni uzee tu. Tulipima sukari ya damu tukakuta 1.9, yaani imeshuka vibaya sana. Tulimpa glukosi kwa mshipa, akafumbua macho na kuuliza nani kamvua mtandio.

Tulimwomba mwanawe arudi nyumbani akalete dawa zote za mama, hata za miti shamba. Alileta mkoba wa ukili. Ndani yake mlikuwa na dawa za aina kumi na moja! Kulikuwa na vidonge vya sukari vya kliniki, vimeandikwa glibenklamidi, na vingine alivyoletewa na ndugu kutoka Muscat, vimeandikwa Daonil. Hiyo ni dawa moja kwa majina mawili, na bibi alikuwa akimeza zote. Bahasha tatu hazikuwa na jina la dawa, ila "1x2" tu. Kila aliyempa dawa alitibu ugonjwa aliouona yeye. Hakuna aliyewahi kuuona mkoba mzima.

Mwili wa mzee si kama wa kijana. Figo zake huchuja polepole, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Glibenklamidi ni mfano mzuri: tangu mwaka 2013 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kuwa haifai kwa waliozidi miaka 60, na iliyochaguliwa ni gliklazidi. Hata hiyo huweza kushusha sukari, ila hatari yake ni ndogo zaidi. Kwa hiyo mwenye mzee anayetumia glibenklamidi amuulize daktari. Lakini asiiachishe kwa uamuzi wake mwenyewe, maana sukari ikipanda nayo huua.

Hapa Unguja jambo hili ni zito zaidi mwezi wa Ramadhani. Mzee anameza kidonge wakati wa daku kama alivyozoea kukimeza asubuhi, kisha anakaa na njaa mpaka magharibi. Aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili ajue kama afya yake inamruhusu kufunga na dawa zipangwe upya. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, apewe maji ya sukari mara moja, ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza. Asiye na fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na aliyezinduka aletwe vilevile, kwa sababu dawa hii huweza kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa.

Ndani ya mkoba ule mlikuwa pia na diklofenaki ya magoti, iliyonunuliwa dukani bila cheti. Dawa hii hupandisha presha, huchubua tumbo, na ikichanganywa na baadhi ya dawa za presha na za kukojosha maji inaweza kuharibu figo. Kwa maumivu ya kawaida ni heri kuanza na Panadol, kwa kipimo kilichoelekezwa. Piriton na Valium za kutafutia usingizi nazo humlevya mzee, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe sote tunazijua. Nyonga ikivunjika, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Huko Marekani, mwaka 1991, daktari Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee wanaotunzwa katika makao. Orodha hiyo imekuwa ikirekebishwa hadi leo. Sisi tunaotoa dawa hatuhitaji kuikariri yote. Tuulize umri, tupime figo, tuanze na kipimo kidogo, na kabla ya kuongeza dawa mpya tutazame kama ipo ya kupunguza. Na jamani, tuandike jina la dawa kwenye bahasha, na kazi yake: "ya presha", "ya sukari".

Nanyi wa nyumbani, kila mzee anapokwenda kutibiwa, achukue dawa zake zote. Anayetoka Makunduchi au Nungwi asione tabu kuzibeba kwenye daladala. Akiwa ameelemewa, alete japo maganda na bahasha.

Yule bibi aliondoka na dawa nne. Siku ya kurudi kliniki alikuja na mkoba wake, akaumimina mezani kabla hatujamwamkia, akatuambia tuhesabu.