Rafadha Inayoifaa Mashua ya Tanga Yenye Injini

Kamati za parokia za pwani ya Mtwara zinapotuandikia kuomba msaada wa chombo, hutaja urefu wa mashua na nguvu ya injini. Rafadha, ambayo mafundi wengi huiita propela, mara nyingi haitajwi. Hununuliwa mwisho kwa fedha zilizobaki, tena ile iliyokutwa dukani.

Sisi wenyewe tumewahi kukosea hivyo. Mashua tuliyochangia ilitoka Msimbati kwenda kwenye maingilio ya Mto Ruvuma ikiwa na shehena ya saruji. Maji yalikuwa yanakupwa, na mkondo wa mto ulitoka kwa nguvu. Injini ilikuwa mpya, lakini ilitoa moshi mweusi na chombo hakikusonga. Nahodha akatweka tanga, na upepo wa kusi ukamrudisha alikotoka. Tulilaumu dizeli kwanza, kisha fundi. Kosa lilikuwa rafadha.

Kwenye kitovu cha rafadha hugongwa namba mbili, kwa mfano 16 x 10. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao rafadha ingesogea kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye mbao. Maji si mbao, kwa hiyo sehemu ya mwendo huo hupotea. Kwa mashua nzito ya mizigo hasara hiyo hukaribia nusu.

Tuchukue injini ya nguvu farasi 20 inayozunguka mara 2,600 kwa dakika, yenye giaboksi inayopunguza mara mbili. Shafti itazunguka mara 1,300. Mashua ikienda kilomita 11 kwa saa, husafiri mita 183 hivi kwa dakika, yaani sentimita 14 kwa kila mzunguko. Tukikadiria kwamba asilimia 45 inapotea, pichi inayohitajika ni sentimita 25 na ushei, ambayo ni inchi 10. Kipenyo cha inchi 16 kinaendana na hesabu hiyo. Ila pimeni kwanza nafasi iliyopo tezini: ncha za mapanga zisiwe karibu na mbao kuliko asilimia 10 hadi 15 ya kipenyo, la sivyo chombo kitatetemeka na misumari italegea.

Wengi hudhani rafadha yenye pichi kubwa huleta mwendo mkubwa. Mwaka 1837 Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu skrubu yake ya mbao kwenye mfereji mjini London. Kipande chake kilivunjika, na boti ikaongeza mwendo!

Mapanga yawe mawili au matatu? Matatu husukuma vizuri zaidi na hutulia, lakini huburuta maji mashua inapokwenda kwa tanga. Mawili yanaweza kusimamishwa wima nyuma ya mbao ya tezi yakajificha. Chombo kinachosafiri kwa upepo siku nyingi, na injini kuwashwa bandarini tu, kinafaa mawili. Kinachobeba mizigo na wagonjwa kuingia mtoni, kwa maoni yetu, kiwe na matatu. Zipo pia rafadha zinazojikunja, ila ni ghali, na maungio yake huingia mchanga na chaza. Hatuzishauri huku kwetu. Jambo jingine: baadhi ya giaboksi haziruhusiwi kuzunguka zenyewe injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa hazipati mafuta. Kitabu chake kisomwe.

Maji ya Ruvuma yana mchanga na tope, na kingo zake zina mikoko. Mchanga hula ncha za mapanga, na mizizi huyapinda. Shaba ya njano ya kawaida haifai, maana maji ya chumvi hunyonya zinki iliyomo na kuiacha dhaifu. Ombeni bronzi, na kipande cha zinki kifungwe kwenye shafti ili kiliwe badala yake. Eneo hili pia limo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000. Kulima majani ya bahari kwa rafadha wakati wa maji mafupi ni hasara kwa wavuvi wenyewe.

Kabla ya kulipa fundi malipo ya mwisho, pakieni mzigo wa kawaida, nendeni kwenye maji ya kina na kufungua mafuta hadi mwisho. Injini ya mfano wetu ifikie 2,600. Ikikwama 2,200 na kutoa moshi mweusi, pichi ni kubwa. Ikipita kiasi huku mashua ikienda taratibu, ni ndogo. Kwa kawaida kupunguza inchi 1 ya pichi huongeza mizunguko ya injini kati ya 150 na 200, na karakana yenye vipimo inaweza kurekebisha rafadha ileile. Yetu ilipunguzwa inchi 2. Wafadhili watakaopokea bajeti yenye mstari wa rafadha ya akiba wasiufute.