Tairi Ngumu Haimpandishi Mtu Dareda

Mafundi baiskeli wa Maisaka, Babati, wanaulizwa swali moja hadi linachosha. Anakuja kijana na baiskeli ya gia ya mtumba, Jumamosi anataka kupandisha kutoka Dareda hadi Bashnet, au kuzunguka vijiji vya chini ya mlima Kwaraa. Kabla hajagusia breki wala cheni anauliza: "Fundi, nijaze hadi ngapi tairi iwe ngumu kabisa?" Akiambiwa haitakiwi iwe ngumu kabisa, anaitikia kwa heshima, kisha anavuka barabara hadi kibanda cha pili na kujaziwa mpaka tairi inalia ikigongwa kwa kidole.

Swali hilo limeanza vibaya. Linachukulia kwamba ugumu ndio wepesi, na kilichobaki ni kujua kikomo. Kwenye lami laini imani hiyo ina ukweli fulani. Kwenye changarawe ni uongo, na unawachosha watu bure.

Chukua mpanda baiskeli wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 14. Gurudumu la nyuma linabeba karibu kilo 50 za uzito huo. Likijazwa PSI 58, sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni takribani sentimita za mraba 12. Likipunguzwa hadi PSI 29, sehemu hiyo inakuwa kama 24. Watu wengi wakiona tairi imelala hivyo wanasema inavuta. Watazame kinachotokea jiwe moja la ukubwa wa jicho la ng'ombe likikutana na kila tairi. Tairi iliyolainika inalimeza: mpira unabonyea, jiwe linapita chini, mwili wa mpandaji unabaki palepale. Tairi ngumu haimezi kitu. Inapanda juu ya jiwe, na pamoja nayo inapanda baiskeli nzima na mtu aliye juu yake, kisha vyote vinashuka. Nguvu ya kuinua kilo 84, hata kwa milimita chache, imetoka kwenye miguu ya mtu, na hairudi. Inaishia mikononi, mgongoni na kwenye minofu inayotikisika. Kati ya Dareda na Bashnet mawe ya namna hiyo hayahesabiki.

Mbona basi waendesha baiskeli wanaapa kwamba ngumu inakimbia? Ni kwa sababu mtikisiko unaudanganya mwili. Usukani ukitetema haraka haraka, mtu anahisi kasi. Jan Heine wa Seattle, aliyechapisha jarida la Bicycle Quarterly, alipeleka wapanda baiskeli kwenye rasta za barabarani, zile zinazowekwa kuamsha madereva, akapima nguvu inayotumika pale na kwenye lami laini ya pembeni. Juu ya rasta nguvu iliyohitajika kwa mwendo uleule ilipanda sana, na yote iliyozidi ilipotelea kwenye mtikisiko wa mwili.

Asiyemwamini mtu wa Seattle apime mwenyewe hapa hapa. Atafute mteremko wa changarawe ulio mnyoofu, usio na watoto wala magari, unaoishia kwenye tambarare. Aweke alama ya kuanzia. Ajaze tairi hadi PSI 60, ajiachie bila kukanyaga, mkao uleule, aweke kijiti pale baiskeli inaposimama. Apunguze hadi 32, arudie. Afanye hivyo mara tatu tatu, siku isiyo na upepo mkali. Kijiti cha tairi laini ndicho kitakachokuwa mbali zaidi.

Na kama ugumu ungekuwa ndiyo siri, hewa isingehitajika hata kidogo. Kabla ya 1888 baiskeli zilikuwa na tairi za mpira mtupu, ngumu kuliko yoyote inayojazwa leo Babati. Mwaka huo John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi ya upepo kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, kwa kuwa barabara za mawe zilikuwa zikimtikisa mtoto. Mei 1889 Willie Hume aliingia mashindanoni katika mji huohuo na tairi za upepo, akawashinda waliopanda mpira mtupu. Tairi ya upepo ilizaliwa ili ilainishe njia, na ikashinda mbio kwa sababu hiyohiyo.

Imani yenyewe ina chanzo cha heshima. Imetoka kwa wabeba mizigo. Mtu anayeshuka na magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli ya Phoenix, au anayeleta madumu ya maziwa mjini, anahitaji kweli tairi ngumu, maana uzito wa nyuma unaweza kupita kilo 120 na tairi legevu ingekatwa na rimu. Kwake fundi yuko sahihi. Shida inaanza kijana asiye na mzigo anapochukua kipimo cha mbeba mkaa.

Chanzo cha pili ni namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. PSI 65 iliyoandikwa pale ni kikomo cha usalama ambacho mtengenezaji anakataza kivukwe. Haikuandikwa ili kila mtu aifikie.

Halafu kuna hoja ya mbigiri: eti tairi ngumu haichomwi. Mbigiri ni ncha kali yenye kichwa kipana, na ncha kali haijali PSI. Tairi ngumu inaikandamiza kwa nguvu zaidi mahali padogo, laini inaigusa kwa wepesi zaidi mahali papana, na zote mbili hutoboka. Kinachosaidia ni tairi nene na dawa ya kuziba pancha ndani yake. Upepo unaleta tofauti kwenye pancha ya aina nyingine: ukiwa mdogo mno, jiwe linabana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili sambamba. Ukiyaona hayo, ongeza PSI nne au tano, usiongeze thelathini.

Kwingine duniani jambo hili lilishamalizika. Gaiole in Chianti, kwenye vilima vya mizabibu vya Toscana nchini Italia, imekuwa mwenyeji wa L'Eroica tangu 1997, safari ya baiskeli za zamani iliyoanzishwa kuzilinda zile barabara nyeupe za changarawe zisimezwe na lami. Mwaka 2007 zikazaa mbio za Strade Bianche zinazoishia Siena, na 2022 mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za changarawe yakafanyika Veneto, eneo jingine la mvinyo nchini humo. Huku kwetu Afrika Mashariki, Migration Gravel Race inapita Maasai Mara tangu 2021, siku nne, takribani kilomita 650. Wanaoshindana humo wanapanda tairi pana zenye upepo wa wastani, na hakuna anayewaita wavivu.

Sasa, kwa anayetoka Maisaka. Mwenye kilo 70 na tairi ya milimita 40 yenye tyubu aanze na PSI 36 nyuma na 32 mbele. Mwenye tairi ya inchi 2.1 aanze na 30 na 27. Kila kilo kumi zaidi, ongeza PSI tatu hivi. Nunua geji, kidole si kipimo. Kushuka Dareda, kandamiza breki kwa vipindi na uachie, usizishikilie mfululizo, maana rimu hupata moto. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu. Jioni kaa mbali na majani ya Ziwa Babati, viboko hutoka kula.

Wanaotaka kufika kwenye mizabibu ya Dodoma wana lami ya kilomita 251 iliyozinduliwa Aprili 2018, yenye miinuko ya kutosha Bereko na Kolo. Hapo ongeza PSI kumi, kisha zitoe utakapoiacha lami kuelekea mashamba ya Hombolo, kwenye mchanga na mbigiri. Zabibu za kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Nenda awamu ya pili, njia zikiwa kavu. Ya kwanza ina mvua, na udongo mweusi wa mbugani hujaa kwenye fremu hadi gurudumu linagoma. Omba ruhusa kabla ya kuingia shambani kwa mtu, na mvinyo usubiri hadi baiskeli iwe imefungwa. Anayerudi Babati kwa basi aulize mapema kama baiskeli inaingia kwenye buti, na afungue gurudumu la mbele kabla kondakta hajaanza kupakia.