Karani Mwenye Pupa na Siri za Tarakilishi

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba siri hutoka kwa sababu aliyeitunza ameitamka, au mwizi amevunja mlango akaichukua. Kasoro iliyotangazwa tarehe 3 Januari 2018, ikapewa jina la Meltdown, haikuwa na mlango uliovunjwa wala ulimi ulioteleza. Yafaa sisi walimu tuielewe, maadamu alama za mitihani na maneno yetu ya siri yamo katika mashine zizo hizo.

Kila tarakilishi ina programu kuu inayozitawala nyingine zote, ambayo wataalamu huiita kiini. Kiini kina sehemu yake ya kumbukumbu, nazo programu za kawaida hazina ruhusa ya kuisoma. Aliyekabidhiwa ulinzi wa mpaka huo ni prosesa. Hata hivyo, tangu katikati ya miaka ya tisini, prosesa nyingi za Intel ziliundwa zisikae bure: hutanguliza kazi kabla ya kujua kama imeruhusiwa na, ikibainika kwamba haikuruhusiwa, huyafuta matokeo yake.

Tuchukue mfano wa maktaba ya shule. Mwanafunzi anamwambia karani: "Fungua daftari la mwalimu mkuu, soma tarakimu iliyomo, kisha uniletee kitabu chenye namba hiyo." Karani mwenye pupa anasoma, anaikimbilia rafu, anakileta kitabu mezani pake, hapo ndipo anapokumbuka kuuliza ruhusa. Anakatazwa. Basi hasemi neno wala hatoi kitabu. Lakini kitabu kimebaki mezani! Mwanafunzi yule mjanja sasa anaomba kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote halali kwake, huku akitazama saa. Kimoja analetewa papo hapo. Namba yake ndiyo siri.

Meza hiyo, katika prosesa, ni hifadhi ndogo ya karibu iitwayo kache. Miongoni mwa waliogundua hila hii ni Jann Horn wa Google na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria. Makala ya utafiti huo yalionyesha kwamba kumbukumbu ya kiini yaweza kusomwa kwa kasi ya hadi kilobaiti 503 kwa sekunde. Nami, kama mtu wa isimu, sioni kwamba kitenzi "kuvuja" kinatosha hapa. Kiini hakikukosea, karani ndiye aliyedokeza.

Waliotwishwa mzigo wa kosa hilo ni waandishi wa viini. Linux, Windows na mifumo ya Apple ilitiwa viraka ambavyo, kwa lugha nyepesi, huliondoa daftari la mwalimu mkuu maktabani kila mwanafunzi aingiapo. Kuliondoa na kulirudisha kila mara kunakula muda, na baadhi ya kazi zikapungua kasi.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Katika vyumba vya tarakilishi vya shule na vyuo, mashine moja hutumiwa na watu wengi, na husikika hoja kwamba masasisho yanamaliza bando na kuifanya mashine kuukuu izidi kukokota. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini mashine yenye Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka wa 2014, haikupata kiraka hicho kabisa, hata kama bando lingekuwa la bure. Mashine ya namna hiyo na itumiwe kufundishia kupiga chapa. Alama za watoto zisiingizwe humo.